Pikipiki Niliyoisukuma Mara Mbili

Haya, mmeshinda. Tangu nirudi, kila nikikaa pale kijiweni kwetu Ng'ambo, kahawa haijanifika mdomoni, kuna mtu ananiuliza: "Bwana Shamba, lile dude ni raha kuliendesha?" Nikinyamaza mnasema nimeanza kuringa. Siringi. Mgongo unaniuma, goti la kushoto halikunjiki sawasawa, na swali lenu lina jibu refu. Basi nimekaa niwaandikie, na mkisoma msinikatize.

Kwa asiyenijua vizuri: nimekuwa bwana shamba wa tumbaku miaka thelathini, na miaka yote hiyo nilizunguka vijijini kwa kipikipiki chekundu cha kazi ambacho hata mbuzi alikuwa anakipuuza. Dude hili, pikipiki kubwa ya safari ndefu, si langu. Ni la mdogo wangu Deo, anayetembeza wageni huko Arusha. Alikuja likizo, akaniachia funguo. "Kaka, umestaafu," akasema. "Nenda popote unapotaka, kisha uniambie kama ni raha." Nikasema nitakwenda Ujiji, kwa njia ya zamani ya misafara. Babu wa babu yangu aliipita kwa miguu na pembe ya ndovu begani, na kwetu Igalula tumekuzwa kwa hadithi hiyo. Aliyetembea alifika, nikajiambia, mwenye injini atashindwaje.

Tabora hadi Urambo, siku ya kutazamwa

Nilipanga kuondoka saa moja asubuhi. Niliondoka saa nne. Mtaa mzima ulitaka kulishika lile dude kwanza, na jirani yangu Mama Zuhura alitaka kupigwa picha juu yake, na kumpandisha tu ilichukua wanaume wawili na kigoda. Kumshusha ikawa kazi nyingine.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba pikipiki ile imetengenezwa kwa ajili ya watu warefu. Mimi ni mfupi, mnanijua. Nikisimama, vidole tu ndivyo vinavyogusa chini, na uzito wote unaniegemea paja moja. Ikiwa inakwenda, sawa, unakaa juu kama mtu aliyealikwa mahali. Taabu ni kusimama. Kwa hiyo nilikuwa naogopa kila tuta, kila ng'ombe na kila askari, na kufika Urambo mabega yalikuwa yamekakamaa kama niliyebeba magunia.

Pale Urambo nikaingia kwa mama ntilie mmoja, nikaagiza ugali na nsansa, ile mboga ya majani makavu, ya karanga. Akaniletea sahani, lakini akaendelea kuchungulia nje.

"Na mwenyewe yuko wapi?" akaniuliza.

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye pikipiki. Mzungu wako. Nimemwekea kuku."

Nikamwambia mzungu hayupo, niko mimi. Akanitazama kuanzia buti hadi kipara. "Haya, baba," akasema kwa upole, jinsi mtu anavyomwitikia mgonjwa anayeweweseka. Kuku hakuletwa. Nilikula nsansa yangu, na ilikuwa nzuri, lakini niliinuka na kinyongo. Usiku nikalala gesti kwa tumbo, maana mgongo haukutaka kuguswa.

Urambo hadi ng'ambo ya Kaliua, mchanga

Kesho yake lami ilinifikisha Kaliua bila kisa. Ningefuata barabara kuu ningekuwa na hadithi fupi na goti zima. Lakini mimi nilikuwa nimejiapiza kufuata njia ya zamani, basi mbele ya Kaliua nikakata kuingia kwenye njia ya vijijini, kati ya mashamba ya tumbaku na mabani ya kuikaushia, ambako nilifanya kazi miaka mingi. Kipikipiki changu chekundu kilikuwa kinapita mchanga ule kikiyumba kidogo tu. Dude la Deo lilikwenda hatua thelathini, likazama gurudumu la mbele, likalala. Mimi nikalala kando yake.

Kuliinua ni habari nyingine. Deo alinionyesha namna: unageuka, unaegemeza makalio kwenye kiti, unainua kwa miguu. Nyumbani, kwenye sakafu ya saruji, iliwezekana. Nilijaribu mara nne, nikakaa chini nikatazama mbele, nikamwona mtu anakuja na baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa. Nikamshukuru Mungu. Nikainuka, nikapunga mkono, na kofia yangu kubwa kichwani na koti langu jeusi lenye mistari inayong'aa.

Yule bwana akaitupa baiskeli, akatimua mbio porini.

Nilichukua muda kuelewa. Aliniona askari wa misitu. Nikavua kofia, nikapiga kelele kuelekea vichakani: "Ndugu yangu, mimi si askari, mimi nimeanguka!" Hakutoka. Nikaimba pambio moja la kanisani kwetu, nikiamini hakuna askari atakayefanya hivyo. Baadaye sana kichwa kikatokea nyuma ya mti. Akaja, akaizunguka pikipiki, akacheka mpaka akakaa juu ya gunia. Tukaliinua pamoja. "Mzee," akaniambia, "na umri wako huu, nani kakutuma?" Nilianguka mara tatu zaidi mchana ule, na kila aliyenisaidia aliuliza hivyohivyo kwa maneno yake.

Kwenye turubai

Ilikuwa kama saa kumi alasiri nilipoona turubai mbele, limefungwa kando ya nyumba moja iliyo peke yake, wanaume wamekaa chini, kina mama wako ndani. Msiba. Nyinyi mnajua desturi ya vijiji vile, na mimi nimeishika miaka thelathini: hupiti mbele ya msiba injini inanguruma. Unazima mbali, unashuka, unavua kofia, unasukuma mpaka umevuka. Kwa kile chekundu ilikuwa kama kukokota mbuzi. Kwa hili, jamani. Nilizima, nikashuka, nikaanza kusukuma kilo mia mbili na kitu kwenye mchanga, huku watu wazima arobaini wananitazama kwa heshima na hakuna anayeweza kucheka.

Nilifika usawa wa turubai, miguu ikakataa. Wanaume wanne wakainuka, wakasukuma nami bila neno hadi kivulini. Basi nikawa sina budi kuketi.

"Shikamoo, mzee. Poleni na msiba," nikamwambia mkubwa wao.

"Marahaba. Tumepoa." Akanitazama sana. Jina lake Mzee Mihayo, na aliyefariki alikuwa shemeji yake, Bi Kalunde. "Wewe si yule Bwana Shamba wa pikipiki nyekundu?"

Nikakubali ni mimi.

"Marehemu alikupikia hapa, mwaka ule wa mvua nyingi. Ulilala kwenye bani letu."

Nikasema namkumbuka. Waungwana, sikumkumbuka. Miaka thelathini nimelala kwenye mabani mengi na nimepikiwa na kina mama wengi. Lakini huwezi kusema hivyo kwenye msiba, na nadhani adhabu yangu ilianzia hapo.

Wakanieleza shida yao. Bi Kalunde alikuwa na mtoto mmoja, Maganga, mrina asali. Alikuwa kambini, ndani kabisa ya pori kuelekea Mto Ugalla, kusiko na mtandao. Bodaboda aliyetumwa asubuhi alirudi mchana na tairi mbili zimepasuka. Wengine walisema mafuta yao hayawezi kwenda na kurudi. Mazishi yalikuwa kesho saa tisa, na hayawezi kusogezwa, joto lile mnalijua. Na mama mwenyewe alikuwa amesema siku zote kwamba udongo wa kwanza autupe Maganga.

Mzee Mihayo hakuniomba. Aliitazama tu pikipiki. "Tangi lake ni kubwa," akasema.

Mimi nilikuwa nimechoka kiasi cha kutaka kulia. Nilitaka kusema nina safari yangu, nakwenda Ujiji. Nikafikiria nitakavyolisema hilo, mbele ya nani, nikiwa nimekula nini cha marehemu. Nikasema nitakwenda alfajiri.

"Jambo moja," akasema mzee. "Usimwambie. Mwambie mama kazidiwa, anamwita. Mtu ukimpa msiba akiwa juu ya chombo, ataanguka, na wewe utaanguka naye. Atauona mwenyewe akifika. Njia ya porini inatokea hapa nyuma, na hakuna nyumba nyingine kabla ya hii. Mfikishe tu."

Ndivyo tunavyofanya. Sikushangaa, na mimi mwenyewe habari ya kifo cha babangu nilipewa hivyohivyo.

Porini

Nilianza safari kunapambazuka, nikiwa nimeacha masanduku mawili ya pikipiki pale msibani ili iwe nyepesi. Ardhi ya pori ni ngumu kuliko ya mashambani, nikaenda vizuri saa nzima. Mnataka kujua kama kulikuwa na raha? Sawa, nitakuwa mkweli. Kwenye mbuga moja pana, jua linachomoza, nimesimama kwenye vikanyagio, dude linapita juu ya mashimo kana kwamba hayapo. Ndiyo, ilikuwa raha. Ilidumu kama muda wa kunywa kikombe kimoja. Kisha nikakumbuka ninakokwenda na ninachokipeleka, nikaona haya.

Halafu wakaja mbung'o. Mbung'o anapenda kitu cheusi kinachokwenda, na mimi ndiye niliyekuwa hicho. Wanang'ata juu ya koti, chini ya koti, ndani ya glavu. Ukisimama uwaue unaogopa kuanguka, ukienda wanaongezeka. Nilifika kambini saa nne, uso umevimba jicho moja.

Maganga alikuwa anachuja nta. Mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, mikono yote inanata. "Shikamoo, mzee. Karibu. Umepotea?"

"Marahaba. Sijapotea, nimetumwa. Mama yako kazidiwa kidogo. Anakuita."

"Kazidiwa nini?"

"Kifua," nikasema. Sijui kwa nini nilisema kifua.

Akanitazama, akaitazama pikipiki. Nikaogopa amenisoma. Lakini akatikisa kichwa. "Kifua chake hicho. Kila kiangazi, vumbi. Keti, ule kwanza, huwezi kurudi hivyo."

Na hapa ndipo penye ugumu, ndugu zangu. Ningekataa chakula, angejua. Ukipeleka habari ya ugonjwa wa kawaida, unakula. Nikaketi, nikala matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na asali, nikaisifu asali, nikaulizia nyuki. Kila tonge lilishuka kama kokoto. Yeye hakuwa na haraka. Mama mwenye kifua si jambo la kukimbilia. Akanawa, akabadili shati, akaingia kibandani akatafuta kwa muda mrefu, akatoka na chupa ya asali ya nyuki wadogo. "Hii ndiyo dawa yake," akasema. "Nilimwekea tangu mwezi uliopita." Akaifunga kwa khanga kuukuu, akaipakata. Saa tano na nusu.

Kurudi

Alikuwa hajawahi kupanda kitu kirefu hivyo. Alishika koti langu kwa mkono mmoja na chupa kwa mwingine, na kila tukiruka shimo alicheka. Ndiyo, alicheka. Mtu ametoka wiki tano kambini, amepakiwa kwenye pikipiki ya kitajiri, kwa nini asicheke?

"Mama ataniuliza kama nimekuwa waziri," akaniambia sikioni.

Tukaingia kwenye ile mbuga pana.

"Mzee, hili lina raha yake, au vipi?"

Jasho linanitoka, jicho limefumba, mgongo unawaka, na moyoni nina kile nilichonacho. "Raha sana," nikasema.

Akanyamaza. Nilidhani amechoka kupiga kelele juu ya injini.

Babu wa babu yangu alibeba pembe kwenye nchi hii. Mimi nilibeba uongo, na nawaambia mzigo ule unalemea. Pembe unaweza kuitua chini ukapumzika.

Tukaanguka mara moja, kwenye kijito kilichokauka. Yeye aliruka pembeni kama kijana, chupa kaiinua juu, haikuguswa hata na vumbi. Akanisaidia kuinua dude, na kwa mara ya kwanza likainuka kirahisi. "Twende," akasema. Hakucheka tena. Saa ilikuwa imefika nane, na mimi nilikuwa nahesabu kila dakika na siwezi kumwambia kwa nini nakaza mwendo. Jua linachoma, mchanga ukaanza. Nikaupita. Sijui niliupitaje, nilikuwa sina nguvu ya kuogopa tena.

Saa nane na nusu tukatokea kwenye mihogo ya nyuma ya nyumba yao. Kupitia katikati ya miti nikaiona ncha ya turubai. Bado mwendo kama wa kutoka pale kijiweni hadi sokoni. Mpango ulikuwa niende moja kwa moja mpaka uani, ndugu zake wamdake, wamshike, kama inavyofanyika.

Mkono wangu ukazima injini.

Sikuuamuru. Miaka thelathini umefanya hivyo kila unapoona turubai, na siku ile ulifanya hivyo kabla sijawaza. Nikawa nimeshaweka vidole chini, kimya kimetanda, kofia nimeshaivua. Ndipo nikagundua nilichokifanya. Nikataka kuwasha tena. Nikataka kusema injini ina joto, mafuta yamekwisha, chochote.

Maganga akaliachia koti langu.

Kisha akashuka. Akaiweka chupa kwenye kiti, taratibu, akaikandamiza isianguke.

"Mbele hapo kuna nyumba moja tu," akasema.

Nikasema, "Nisamehe, mwanangu."

Akazunguka nyuma ya pikipiki, akaegemeza mikono yote miwili, akainamisha kichwa, akaanza kusukuma. Mimi nikashika usukani. Hivyo ndivyo tulivyofika, kwa miguu, na wanaume walipotuona wakainuka wote chini ya turubai.

Udongo wa kwanza aliutupa yeye, saa tisa na robo.

Nyumbani

Sikufika Ujiji. Nilipumzika siku mbili palepale msibani, nikala chakula chao, nikasaidia kupasua kuni kwa goti moja, na siku ya tatu nikageuza kichwa kurudi Tabora. Deo amekuja kuchukua dude lake. Aliponiuliza kama ni raha nikampa funguo, nikaingia ndani.

Asubuhi niliyoondoka, Maganga alinisindikiza hadi njiani. Alinipa ile chupa. Nikakataa, akaniwekea ndani ya koti kwa nguvu. Nikamwomba radhi tena, nikamweleza habari ya mkono na injini, kwamba nilikuwa nimepewa kazi ya kumficha na nikashindwa mwishoni kabisa.

"Hukushindwa pale," akasema. "Nilijua tangu kwenye mbuga."

"Ulijuaje?"

"Nilikuuliza kama ni raha, ukasema raha sana. Mzee, ulikuwa umevimba jicho, unatetemeka mikono. Mtu mwenye habari ya kawaida angelitukana hilo dude mpaka nyumbani."

Basi hilo ndilo jibu langu. Mkinikuta kijiweni niulizeni habari ya mbung'o, ya mama ntilie wa Urambo na kuku wake, ya mkaa na pambio, nitawasimulia mpaka kahawa iishe, na asali ya Maganga nitakuja nayo. Hilo swali lenu jingine msiniulize. Nilishalijibu mara moja.